Santuri Iliyopakwa Samli

Binti yangu wa pili ameniletea gramafoni ya umeme kutoka Mwanza. Ameiweka juu ya kabati la vyombo, akachomeka waya, akasema, "Mama, sasa utazisikiliza zile santuri za marehemu baba, zisikae bure sandukuni." Nikamshukuru, mtoto hana kosa. Lakini moyoni nilisema: haya, yule msichana karudi tena nyumbani kwangu, na safari hii kaletwa na mwanangu wa kumzaa.

Msichana mwenyewe ni mwimbaji. Jina lake silitaji, na atakayechukia na achukie. Enzi hizo, nyumba za vijiji vya ujamaa zikiwa ndiyo kwanza zimepangwa mistari, alikuwa hajatimiza hata miaka kumi na saba. Alikuwa anaimba na bendi moja ya Dar es Salaam, na nchi nzima ilikuwa imepagawa naye. Akitoa wimbo leo, baada ya siku chache unausikia kwa wachunga ng'ombe. Mimi nilikuwa na umri wake uleule. Nilikuwa Mbuba, wilaya ya Ngara, nalima maharage na kuchuma kahawa ya baba, viganja vigumu kama soli. Na kuimba nilijua! Kwaya ya kanisani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa naanzisha. Sasa niambie, yeye alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho? Kipaza sauti tu.

Sanduku ni lilelile la bati, rangi ya kijani imebanduka. Ndani kuna santuri zake ndogo, zile za wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Nimeanza na ule wa saa ya mkononi, ambamo anamwomba mpenzi wake aitupe saa ili muda wa kuagana usifike. Upuuzi mtupu. Saa ukiitupa jua nalo utalitupa wapi? Lakini gitaa lilipoingia mwili ulinisisimka, nikamwona mwenzangu, huyo marehemu baba yao, akiwa kijana, ameegemea lori.

Alikuwa dereva wa lori lililokuja kuchukua kahawa yetu. Mtu wa Biharamulo, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku za vumbi. Wakati kahawa inapimwa na wazee wanagombana na mpimaji, yeye alikuwa anatoa gramafoni yake ya betri, anaiweka juu ya boneti, anapiga santuri. Wasichana wote wa Mbuba walipata kiu siku hiyo. Tulikuwa tunapita na ndoo za maji kichwani, tunakwenda, tunarudi, nyumbani mitungi imejaa mpaka inamwagika.

Wenzangu waliangalia gramafoni. Mimi nilimwangalia yeye, na ndipo nilipoona jambo lililonikaa rohoni tangu siku hiyo. Wakiimba wanaume, macho yake yalikuwa wazi, anaongea, anacheka, anaomba moto wa sigara. Msichana yule akianza kuimba, alinyamaza na kufumba macho. Anafumba kabisa, na kichwa kinainama kidogo kama mtu aliyetoka kupokea komunyo. Wimbo ukiisha ndipo anayafumbua na kutuona sisi tuliosimama pale na maji yetu.

Loh! Sikuwa nimezungumza na mtu huyo hata neno moja, na tayari nilikuwa namwonea wivu.

Nilimpata, kwa taarifa yako. Walikuja wazee wake, wakanywa pombe ya ndizi na wazee wetu, wakabishana kuhusu ng'ombe kama inavyopasa, wakaelewana. Siku moja tuliruhusiwa tuongee kidogo pale nje, shangazi yangu amekaa pembeni anajidai anachambua mchele. Nikamuuliza, "Unamfahamu yule?"

"Yule nani?"

"Huyo wa kwenye santuri."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Mimi nitamfahamia wapi? Mtu yuko Dar es Salaam huko!"

Sikiliza hilo jibu. Hakusema simpendi. Alisema hamfahamu. Shangazi naye akacheka, nami nikacheka, lakini mimi nilicheka kwa meno tu.

Santuri ya pili niliyoipiga ni ile ya mvua, anapoimba amesimama stesheni ya treni ananyeshewa. Upande wa pili kuna wimbo wa kumsifu mkulima. Huo sina ugomvi nao, maana huko kwenye jembe hajapata kufika, na ukisikiliza vizuri unajua. Anaimba "jembe" kama mtu anayetaja jina la mgeni.

Sasa nije kwenye harusi.

Kwetu, bibi harusi akitoka kwao lazima alie. Si kulia kwa kujipangusa kona ya jicho, hapana, ni kulia hasa, mpaka wanawake wamshike. Asiyelia wanasema alikuwa ameichoka nyumba ya mama yake, au alikuwa na haraka ya mume. Aibu inamwangukia mama aliyemlea. Mimi nilikuwa na furaha, jamani, nifanyeje? Nimempata mwanamume ninayemtaka, gari liko nje, nguo ni mpya. Nilijibana paja chini ya kitenge. Nilimkumbuka bibi yangu aliyekufa. Nikakumbuka hata ndama wetu aliyetumbukia shimoni. Macho makavu! Wasichana waliimba zile nyimbo za kumliza bibi harusi mpaka sauti zikakauka, nami nimeinamisha kichwa nasubiri chozi lisilokuja. Shangazi akaninong'oneza, "Lia, mtoto. Unatuaibisha." Nilimwona mama yangu amesimama mlangoni, anajidai kufunga kilemba upya.

Mwenzangu kule nje alikuwa hana habari. Yeye alitaka kutuheshimu. Akatoa gramafoni yake, akaiweka juu ya boneti la lori lililopambwa kwa majani ya migomba, akatoa santuri mpya kabisa ambayo Mbuba nzima ilikuwa haijaisikia. Ni ule wimbo wa taa ya kibatari, ambamo msichana anamwomba mpenzi wake asizime taa mpaka afike. Gitaa likaanza taratibu. Na yule msichana akaingia na sauti yake.

Nikainua macho chini ya mtandio. Bwana harusi alikuwa amefumba macho.

Mbele ya wakwe! Siku yangu! Mimi nimesimama hatua chache kutoka kwake, nimepakwa mafuta mpaka nang'aa, na yeye kaniacha pale kaenda Dar es Salaam! Nililia. Yesu na Maria, nililia. Nilipiga ukelele uliowashtua kuku. Wanawake wakanidaka huku na huku, na vigelegele vikapasuka uwanja mzima. "Huyo ndiye mtoto aliyelelewa!" "Anampenda mama yake huyo!" Mama yangu alitoka mlangoni kifua mbele. Hadi anakufa, wanawake wa Mbuba walikuwa wanaitaja harusi ile, kwamba tangu waanze kuolewa hawajaona bibi harusi aliyelilia kwao vile.

Mwenzangu alifumbua macho, akaniona ninavyoshikiliwa, akainua sindano haraka. Uso ulikuwa umemshuka. Wimbo ulikatikia katikati.

Tukaenda kuishi Biharamulo, kijiji cha ujamaa nje kidogo ya mji, mimi, yeye na mama yake. Jioni aliporudi kazini alikuwa anatoa gramafoni barazani, majirani wanakuja na vigoda vyao, na msichana anaanza kazi yake. Saa ya mkononi. Mvua. Mwenzangu na macho yake. Lakini ule wa taa sikuusikia. Siku moja hayupo, nikafungua sanduku kulipanga, nikakuta bahasha yake ya karatasi imebaki tupu.

"Ile santuri ya harusini iko wapi?" nikamuuliza.

"Ilivunjika."

"Ilivunjikia wapi?"

"Njiani." Akaangalia kuku.

Mwanamume yule alikuwa anaweza kupitisha lori kwenye tope la masika bila kukwama, lakini kudanganya hakujaliwa. Nikajua hapo hapo kuna mtu kapewa. Santuri haivunjiki ikaacha bahasha nzima bila hata mkunjo. Kuna mwanamke mahali fulani anaambiwa asizime taa! Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Akichelewa kurudi, ni huko. Akirudi mapema, kagombana naye. Akinunua sabuni, naikagua kama ni nzima au imekatwa nusu. Nilikuwa namwekea chakula kwa kishindo, mpaka mama mkwe akaniuliza kama meza imenikosea nini. Nilivimba, nikanuna. Yeye aliuliza mara moja tu, "Unakumbuka kwenu?" Nikasema ndiyo, maana ningesema nini?

Kisha vita vikaja. Nduli alivamia huko Kagera, na mara malori yakaanza kuchukuliwa, lori likichukuliwa na dereva wake anakwenda nalo. Mwenzangu aliondoka asubuhi, amevaa shati lake la pasi, mimi nina mtoto mgongoni. Nilitaka kumuuliza. Neno lilifika hapa mdomoni, nikaona, mtu anakwenda vitani, nitamuuliza habari ya santuri? Nikamwambia, "Nenda urudi." Akasema, "Mama usimwache peke yake." Basi.

Hapo ndipo nilipopata adhabu yangu. Redio ilikuwa ni habari za vita na nyimbo za vita, na mama mkwe hakuzitaka, zilimtia tumbo joto. Alitaka santuri za mwanawe. "Mkamwana, nipigie yule binti," ananiambia, "nikimsikia naona kama mwanangu yupo." Betri zilikuwa hazipatikani, hata sukari na sabuni ilikuwa shida. Kwa hiyo mimi, mimi huyu, nilikuwa napanda juu ya kigoda kila asubuhi kuanika betri kuukuu juu ya bati zipate joto, ili jioni zipate nguvu kidogo, ili hawara wa mume wangu aimbe! Na zikichoka katikati ya wimbo, sauti ya yule mtoto inashuka, inakuwa nzito kama ya mzee mlevi. Nilifurahi sana zilipochoka. Mama mkwe alikuwa analia, mimi naangalia pembeni nisionekane ninavyotabasamu.

Wifi yangu, dada yake mwenzangu, alikuwa mtu wa utani, na utani wake ulikuwa na miiba. Alikuwa amekwenda kuuza mihogo Nyakanazi, kule njia panda malori yanakolala. Akarudi na kuniambia, "Wifi, pale hoteli ya yule mama mweupe nimeusikia wimbo wenu wa harusi. Wa taa. Unalia kweli kweli!" Akacheka. Mimi sikucheka. Nyakanazi! Mwenzangu alikuwa anakula pale kila safari.

Sikulala vizuri. Kulipokucha nilifunga khanga mbili kwenye kifurushi, nikamwambia mama mkwe naenda kumwona mama yangu, nikambeba mtoto, nikapata lori. Nilipofika Nyakanazi niliingia ile hoteli kama mtu aliyekuja kukamata mwizi. Mwenye hoteli alikuwa mama mtu mzima, umri wa mama yangu, anapepeta mkaa.

"Shikamoo," nikamwambia kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema? Kaa."

"Nasikia hapa mnapiga santuri."

"Santuri?" Akaonyesha kwa pepeo pale rafuni. "Nina ledio tu, mwanangu. Inasema yenyewe. Sasa hivi inasema vita." Akanitazama, akamtazama mtoto. "Baba yake yuko huko?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alinipa chai ya chumvi, kwa kuwa sukari hakuna, na kiazi, na hakutaka kusikia habari ya kulipa. Nilikula nikiwa na aibu na bado nina wivu, sikujua kama vitu hivyo viwili vinaweza kukaa tumbo moja.

Nikasema, kwa kuwa nimeshatoka, naenda kweli kwa mama. Na sirudi. Akirudi mwenzangu vitani atanifuata Mbuba, na mbele ya wazee ataeleza santuri kampa nani.

Mama alinipokea, akanipa maji, akasubiri. Nilimweleza kila kitu: bahasha tupu, uongo wa njiani, Nyakanazi. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, tulikuwa sisi wawili tu na mtoto. Nilipofika kwenye santuri ya taa, mama aliweka chini ungo wa maharage.

"Hiyo santuri ni kitu gani? Ni kile kisahani cheusi?"

Akaingia chumba cha ndani. Chumba cha kulala wazazi mtoto aliyeolewa haingii, kwa hiyo mara zote nilizokwenda kusalimia sikupata kukiona kilichokuwa ukutani mle. Akatoka nacho amekibeba kwa mikono miwili. Kilikuwa kinang'aa kama kimetoka dukani. Na kilikuwa kinanukia samli.

"Nimekitunza," mama akasema. "Nakipaka kila nikipaka vibuyu, kisipasuke."

Mama yangu alikuwa hajapata kuishika santuri maishani mwake. Alifikiri ni kitu cha heshima tu, cha kuning'inizwa, na kitu cha heshima kwetu kinapakwa samli. Nikaketi chini.

Akanisimulia. Mwenzangu alikuja siku chache tu baada ya harusi, alipoleta lori kuchukua kahawa. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso, na yeye mila alizijua. Alisimama nje kwenye mibuni, ameugeuzia mlango mgongo, akawa anazungumza na baba kwa sauti kubwa ili mama ndani asikie. "Baba," alisema, "kitu hiki kilimliza mtoto wenu. Nilidhani nitamfurahisha, kumbe nimemkumbusha kwao. Mimi kinanipendeza kuliko vyote nilivyonavyo, lakini sikitaki nyumbani kwangu. Kikae na mama. Na yeye msimwambie, asije akaona haya." Akakitundika kwenye mti wa mlango, akaondoka bila kugeuka.

"Na wewe hukuniambia, mama!"

"Ya mkwe wangu nitayasemaje?" akasema mama. "Lakini sasa naona kweli, mpaka leo ukikitaja unataka kulia."

Macho yalikuwa yananiuma kweli. Nilitaka kumwambia nililia nini siku ile. Nikamwangalia alivyokaa, kifua mbele kama siku ya harusi, nikanywa maji yangu. Keshoye nilirudi Biharamulo na santuri imefungwa ndani ya khanga, mtoto anailamba khanga kwa ile harufu.

Niliiosha kwa majani ya chai na maji ya vuguvugu, harufu ya samli ikagoma kutoka yote. Hata juzi nilipoishika nimeinusa, na nadhani bado ipo, au pua yangu ndiyo inakumbuka. Nimeipiga ya mwisho. Inakwaruza kidogo pale mwanzoni, kisha gitaa linaingia taratibu.

Mwenzangu alirudi baada ya vita kwisha, amekonda, shati halina pasi. Mama yake alimshika uso akauzungusha kama anayenunua nyanya. Wageni walipopungua, mchana mmoja, nikatoa gramafoni barazani. Betri nilikuwa nimezianika tangu asubuhi. Nikatoa ile santuri, akaiona.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mama."

Akaangalia kuku, kama zamani. Kisha akasema taratibu, "Utalia."

"Weka," nikamwambia.

Akaweka. Mkono aliuacha pale pale karibu na sindano, tayari kuiinua. Gitaa likaanza. Mimi kwa mazoea yangu nikamkazia macho, nangoja yafumbwe, na ule wivu wangu wa Mbuba nao ukaamka ukakaa mkao wa kula. Msichana akaingia. Mwenzangu hakumsikiliza. Alikuwa ananiangalia mimi. Aliangalia jicho hili, akaangalia hili, akaangalia mashavu, anatafuta chozi. Ubeti wa kwanza ukapita, kiitikio kikaja, ubeti wa pili ukaja. Maskini, yule mtoto aliimba kwa nguvu zake zote siku ile. Na mwenzangu, tangu gitaa linaanza mpaka sindano inakwaruza mwisho, hakufumba macho.